Mfuko wa Mia Mbili na Moja

Nta haipendi kukimbizwa. Ukiizidishia moto inachemka, ikichemka inakuwa nyeusi, na ikishakuwa nyeusi hakuna wa kuitaka. Shangazi alinifundisha hivyo siku ya kwanza nilipofika kwake, na kwa kuwa sikumjibu akadhani sijasikia, akarudia mara tatu. Nilikuwa nimesikia. Mimi ni mtu wa kusikia.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati na madirisha mawili yasiyo na vioo. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali huja kwenye ndoo, machafu, yana miguu ya nyuki na vipande vya majani. Tunayatia kwenye sufuria kubwa yenye maji, na nta inapanda juu, ya njano kama kiini cha yai. Tunaichuja kwa gunia, tunaimimina kwenye makarai, tunayafunika kwa mablanketi ipoe taratibu isije ikapasuka. Asubuhi tunaibandua, tunakwangua uchafu uliotuama chini, tunaishona mfukoni.

Kazi yangu ilikuwa sufuria. Nilisimama na mwiko mrefu, mvuke ukinipanda usoni, na ndani ya mvuke ule nilikuwa naota nimesimama, macho wazi. Niliona maua yote ambayo nyuki waliyatembelea yakifunguka moja moja juu ya maji, kisha yakiyeyuka na kuwa rangi tu. Shangazi akipita aligonga ukingo wa sufuria kwa kijiko, ngo, ngo.

"Rudi, mwanangu. Umefika wapi leo?"

Sikumjibu. Ningeanzia wapi?

Miaka yote shangazi alimuuzia dalali mmoja. Alikuja na mzani wake mwenyewe, akataja bei yake mwenyewe, akaondoka. Shangazi alimwita Mvua, kwa sababu alikuja apendapo na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Lakini mwaka huu shangazi alipata mnunuzi wa ng'ambo, kiwanda cha mishumaa, kilichotaka mifuko mia mbili ya nta, kilo ishirini na tano kila mmoja. Ilikuwa nta yote ya msimu. Siku aliyomwambia dalali kwamba hana cha kumuuzia, alivaa kanga yake mpya ili amwambie vizuri.

"Na atalipaje mtu aliye mbali hivyo?" aliuliza dereva wa lori letu, mtu mnene wa kucheka, anayependa kuuliza yasiyomhusu. "Akishapokea mzigo akanyamaza, je? Utampigia filimbi?"

"Ndiyo maana kuna barua ya benki," shangazi akasema. "Mimi simjui, na yeye hanijui. Nikimtangulizia mzigo, naogopa. Akinitangulizia malipo, anaogopa. Basi benki yake imeandika barua. Inasema, huyu mama akituletea karatasi hizi na hizi, zimeandikwa hivi na hivi, kabla ya Ijumaa fulani, sisi tutalipa. Na benki ya hapa itazisoma kwanza kabla hazijavuka."

"Yaani ni washenga."

"Ni washenga. Lakini hawanywi hata chai, na bibi harusi hawamwangalii. Wanaangalia karatasi tu."

Dereva akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Akanigeukia. "Na wewe, Kimya, leo umesema maneno mangapi? Matatu? Punguza, dada, utayamaliza."

Jina hilo la Kimya ni yeye aliyenipa. Sikulichukia.

Siku nyingi niliwafikiria washenga hao. Nikiwa kwenye sufuria niliwaona, wanaume wawili wenye suti nyeusi, mmoja ameondoka huku na mwingine kule, wanatembea chini kabisa ya bahari, hawalowi, kila mmoja ameshika bahasha kifuani. Wakikutana katikati hawasalimiani. Wanafungua bahasha, wanasoma mstari kwa mstari, samaki wanapita juu ya mabega yao. Halafu kila mmoja anageuka. Na huyo mnunuzi hamjui shangazi bado, na shangazi hamjui mnunuzi bado. Hilo lilinisumbua. Karatasi zote hizo, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliuza maharage sokoni. Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akamiminia mteja. Kisha mkono wake ulirudi kwenye gunia wenyewe, kama umesahau kitu, ukatoa konzi moja zaidi. "Hii haimo kwenye bei," alimwambia mteja. "Hii ni ya kukujua." Alipougua niliacha shule nikiwa darasa la tano nikamuuguza. Alipofariki, nilichobaki nacho ni bakuli lake la kioo, zito, lenye ua lililochongwa chini kwa ndani.

Siku ya mwisho ya kumimina nta nililitoa bakuli lile. Nililipasha kwanza kwa maji ya moto lisipasuke, nikalijaza, nikalifunika kwa kanga yangu. Asubuhi nta ikatoka nzima, na ua likiwa juu yake, kila jani la ua na mstari wake. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Nikamwaza mtu wa kule kwenye kiwanda, fundi wa mishumaa, anayefungua mifuko mmoja baada ya mwingine, yote sawa, mpaka anafika kwenye mmoja mdogo. Barua sijui kumwandikia. Lakini ua angelisoma.

Nikaitia nta ile kwenye mfuko mdogo, nikaushona kwa uzi ule ule wa mifuko mingine. Na ili usipotee njiani nikaupiga alama ya mzigo, ile ile tuliyoipiga kwenye mifuko mia mbili, kwa kibati kilichotobolewa na brashi ya wino mweusi. Dereva na shangazi walikuwa upande wa pili wa lori wakivuta kamba. Nikausukuma katikati ya wenzake. Nilihisi nimemwambia mtu jambo, na kusema kwenyewe sikusema.

Mzigo ulienda kwa wakala wa meli, ukapakiwa, meli ikaondoka. Shangazi akakusanya karatasi zake. Ankara, orodha ya mifuko, cheti cha mzigo ulikotoka, na hati ya meli, ile wanayoitoa baada ya kupokea mzigo, nakala tatu za asili. Akazipeleka benki akarudi anaimba. Barua ya benki ilikuwa imebakiza siku tisa kufa.

Siku ya saba, Jumatano asubuhi, benki ikapiga simu.

"Twende wote," shangazi akaniambia. "Unishikie faili. Wewe huongei, hutanichanganya."

Chumba cha karatasi za ng'ambo kilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya mlango wa kioo. Kulikuwa na feni moja iliyozunguka polepole kama imechoka kusikiliza, na meza moja safi kuliko meza zote nilizowahi kuona. Nyuma yake alikaa mzee mwembamba mwenye miwani. Wafanyabiashara walimwita Bwana Nukta, kwa sababu hata nukta ikikosekana aliiona. Alikuwa na rula ya mbao, kingo zake zimelika kwa kutumika. Aliiweka chini ya mstari, akausoma kwa midomo, akaishusha mstari wa pili.

Nilimtazama nikasahau kuogopa. Alisoma kama mimi. Mimi huweka kidole.

"Mama," akasema, "barua inataka mifuko mia mbili. Ankara yako, mia mbili. Orodha, mia mbili. Cheti, mia mbili. Hati ya meli," akasogeza rula, "mia mbili na moja."

Shangazi akavuta karatasi, akaiinamia. "Haiwezekani. Nimeisoma mwenyewe."

"Ulisoma unachokijua. Jicho hufanya hivyo."

"Basi kama umezidi mmoja, si umezidi? Haukupungua! Nani analalamikia kilichozidi?"

"Mimi," Bwana Nukta akasema.

Hakuwa anatania. Akavua miwani. "Mama, hapa hatuoni nta. Ungepakia dhahabu, ungepakia kokoto, mimi sioni. Naona karatasi. Karatasi zikisema jambo moja, tunalipwa. Zikipishana, benki ya kule itazirudisha, na itakuwa na haki."

"Niandike kwenye ankara kwamba huo mmoja ni wa bure."

"Mbaya zaidi. Benki haipokei kisichoombwa, mama, hata kikiwa zawadi."

Faili likanitoka mikononi. Nikaliokota. Hakuna aliyeniangalia.

"Tunaweza kumuuliza mnunuzi kama atasamehe tofauti hiyo," akaendelea. "Wengine husamehe. Wengine wakiulizwa wanagundua kwamba mlango uko wazi, wanataka bei ipungue."

"Namjua muuza ngozi mmoja aliulizwa hivyo," shangazi akasema. "Alipunguziwa mpaka akabaki na harufu tu."

"Basi lete hati ya meli iliyo sahihi. Ijumaa saa tisa alasiri nafunga. Baada ya hapo barua imekufa, na nta yako iko baharini bila ahadi ya mtu yeyote."

Kwenye ngazi shangazi alishika ukuta. Nilifikiri anaanguka, kumbe alikuwa anajizuia kupiga kelele. "Wale wa ghala la meli," akasema. "Hawajui kuhesabu! Nimeshona mifuko mia mbili, nimeipiga alama mia mbili. Kesho nakwenda. Aliyehesabu atasimama mbele yangu aseme amekosea. Watarekebisha namba, basi."

Tulirudi karakana. Sufuria zilikuwa baridi. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitazama mlango, na nilijua anamwona nani pale mlangoni, na mzani wake. Barua ikifa, mnunuzi angetaja bei aitakayo, na mwakani shangazi hangekuwa na nguvu ya kumkatalia Mvua. Miaka yote aliyojivuta kutoka chini yake ingekuwa bure, kwa ajili ya bakuli moja la nta.

Mara tatu mchana ule nilijaribu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakarudi. Mara ya kwanza alikuwa anakunywa maji. Mara ya pili alikuwa ameanza kufagia, na shangazi akifagia huwa hasikii. Mara ya tatu aliniangalia mwenyewe, akasema, "Usiogope, mwanangu, hili si lako." Hapo ndipo yakazama kabisa.

Nilikaa karibu na dirisha mpaka jua likawa la rangi ya nta. Nikauona mfuko wangu huko ulipo, katikati ya mia mbili, gizani, ukiyumba. Nikaona wale washenga wawili chini ya bahari. Wamefungua bahasha na sasa wamesimama tu, mmoja ameinua kidole kimoja. Moja. Mwenzake anatikisa kichwa. Na ua langu linaelea juu yao, na wote wawili hawainui macho.

Alhamisi dereva alitupeleka kwa wakala wa meli na lori tupu. Njia nzima alijaribu utani, haukushika. Ofisi ilikuwa pembeni ya ghala kubwa lenye harufu ya kamba na vumbi la magunia. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa miwani ya kamba, ambaye mezani kwake mihuri ilining'inia kwenye kigingi kama matunda. Wapakizi walimwita Mama Mihuri.

"Mama, ofisi yangu haibadilishi namba kwa sababu mteja ameudhika," akasema baada ya kumsikiliza shangazi. "Itabadilisha kama karani amekosea. Na karani aliyekosea hesabu ya shehena, kwangu hana kazi. Aitwe."

Akaja mwanaume wa makamo, chaki nyuma ya sikio, suruali nyeupe kwa vumbi. Alikuwa ameshika daftari kubwa kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sahani iliyojaa.

"Mzigo wa nta," Mama Mihuri akasema. "Mifuko mingapi?"

"Mia mbili na moja."

"Uongo!" shangazi akasema. "Samahani, kaka, lakini ni uongo. Nilishona mwenyewe."

"Dada, mimi sisemi uongo. Mimi nachora tu." Akafungua daftari juu ya meza. Alihesabu kwa mistari. Minne imesimama na mmoja unaikata, mitano mitano, mafungu manane kwa kila mstari wa daftari, mistari mitano ya daftari. Mafungu arobaini, yaani mifuko mia mbili. Na chini yake, peke yake, mstari mmoja mfupi.

"Huu," shangazi akauwekea kidole. "Huu ni nini? Ulikohoa, mkono ukateleza!"

Karani aliutazama ule mstari. Nikaona ameanza kujitilia shaka. Nikaona anakumbuka watoto wake, au kodi, au sijui nini, lakini uso wake ulipungua. "Sijui," akasema taratibu. "Labda. Mchana ule kulikuwa na joto."

Mama Mihuri akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Mimi nilikuwa nautazama mstari. Mafungu yote yalikuwa yamekaa pamoja, yamekumbatiana, na ule mmoja umesimama pembeni. Nilimjua mtu anayesimama hivyo.

"Hajakosea," nikasema.

Wote wakageuka, hata dereva aliyekuwa mlangoni. Sauti ilitoka ndogo, nikaogopa kwamba itabidi niirudie. Nikairudia.

"Hajakosea. Ni wangu."

"Nini chako?" shangazi akauliza.

"Wa mia mbili na moja. Nilimimina kwenye bakuli la mama. Nikaushona. Nikaupiga alama usipotee. Niliuweka mlipokuwa mnafunga kamba." Pumzi iliniishia, nikavuta nyingine. "Haumo kwenye bei. Ni wa kumjua tu. Yule anayefungua mifuko."

Feni haikuwepo mle ndani, lakini nilisikia kitu kinazunguka, labda ni kichwa changu. Shangazi alivuta kiti akakaa. Alikuwa dada wa baba yangu, lakini maharage ya mama alikuwa ameyala miaka mingi, na konzi ile ya nyongeza alikuwa ameipokea mkononi.

"Na jana?" akasema hatimaye. "Jana mchana kutwa, mbona hukusema?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Akafunika uso kwa viganja viwili. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini alipoondoa mikono alikuwa pia anacheka. "Tenda wema nenda zako, sawa," akasema. "Lakini si uniage basi, nijue umekwenda wapi!"

"Nilisema punguza maneno," dereva akasema kutoka mlangoni. "Sikujua alikuwa anajiwekea akiba."

Karani alichukua daftari lake, akalifunga, akalikumbatia. Aliniinamishia kichwa kama watu wanavyomfanyia mtu mzima. Shangazi akasimama akampa mikono yote miwili. "Nisamehe, kaka. Nimekutukania hesabu yako."

"Yameisha, dada. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuikana."

"Hayajaisha," Mama Mihuri akasema. "Mifuko mia mbili na moja imo melini, na mimi siwezi kuandika mia mbili kwa kujipendekeza. Hati ya meli si barua ya mapenzi." Akaniangalia juu ya miwani yake. "Lakini mzigo wa watu wawili unaweza kuwa na hati mbili. Mkinirudishia nakala zote tatu za asili, zote, hata moja isibaki nje, nitazifuta. Nitatoa hati ya mifuko mia mbili, ya mama. Na hati nyingine ya mfuko mmoja, ya huyu."

"Ya huyu nani?" shangazi akauliza.

"Mwenye mzigo. Si amesema ni wake? Na atatia sahihi. Na kifurushi chake kitalipa nauli kamili kama mtu mzima."

"Nitamlipia. Atanisugulia masufuria mpaka mwaka upinduke."

Tukakimbilia benki. Bwana Nukta alitusikiliza bila kubadilika uso, akazihesabu nakala tatu mara mbili, akamfanya shangazi atie sahihi kwamba amezichukua, kisha akachungulia saa ya ukutani. "Kesho saa tisa," akasema. "Si saa tisa na nukta."

Jioni ile ile tulimrudishia Mama Mihuri nakala zote tatu, lakini Ijumaa asubuhi hati mpya hazikuwa tayari. Nahodha alipaswa kuthibitisha kwa ofisi yake, na ofisi yake ilipaswa kumthibitishia Mama Mihuri. Tulikaa kwenye benchi ofisini kwake. Shangazi alikunja na kukunjua pembe ya kanga yake mpya mpaka ikawa nzee. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Mimi nilipaswa kuogopa, na niliogopa, lakini chini ya woga kulikuwa na utulivu wa ajabu, kama nta inapoanza kuganda juu na chini bado ni maji. Nilikuwa nimekwisha kusema. Lililobaki lilikuwa la karatasi.

Saa nane kasorobo Mama Mihuri aliniita. "Mzigo unakwenda kwa nani? Lazima kuwe na jina la kupokelewa."

"Kwa kiwanda kile kile," nikasema. "Kwa mikono ya fundi wa mishumaa."

"Fundi yupi?"

"Anayefungua mifuko."

Aliandika. Akanipa kalamu nikatia sahihi, majina yangu yote matatu, kwa mwandiko wa darasa la tano. Akashusha muhuri mmoja kutoka kwenye kigingi, akaupiga kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka.

Dereva aliendesha lori lile kama halina breki na kama barabara haina wengine. Tulipanda ngazi za benki saa nane na dakika ishirini na tano. Shangazi alimwekea Bwana Nukta hati mpya mezani, akahema, akaelekeza kidole. "Hapo. Mia mbili."

Bwana Nukta akakiondoa kidole cha shangazi kwa upole, akachukua karatasi zote tangu ya kwanza. Ankara, orodha, cheti.

"Hizo ulishazisoma!"

"Karatasi iliyotoka nje imerudi mgeni, mama. Nasoma zote."

Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza.

Sijui kama nilisinzia. Nadhani sikusinzia. Nilitazama rula ikishuka, mstari kwa mstari, polepole kama maji yanayopungua kwenye pipa, na kila iliposhuka nilihisi kitu kinaachwa wazi na kavu. Niliona karatasi zikiwa sakafu ya bahari na rula ikiwa ndiyo mawimbi. Wale washenga wawili walikuwa pale, wamekaa sasa, wamechoka kusimama, bahasha mapajani. Feni ilizunguka. Mkono wa shangazi ulikuwa umeshika wangu, una jasho na harufu ya nta isiyotoka kamwe. Mshale wa dakika ukapita arobaini. Ukapita arobaini na tano. Ukagusa hamsini na tano.

Bwana Nukta akafika mstari wa mwisho wa karatasi ya mwisho. Akarudisha rula juu. Akasoma tena mstari mmoja.

Akafungua droo, akatoa muhuri, akaupuliza, akaupiga. Mara moja tu, bila nguvu, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

"Zinakubaliana," akasema. "Zitaondoka leo. Watalipa."

Shangazi hakusema neno. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona amekuwa mimi.

Bwana Nukta alikuwa anapanga karatasi kwenye bahasha alipokuta hati ya pili, ya mfuko mmoja, iliyoingia pamoja na nyingine kwa haraka zetu. Aliitazama. Nilidhani ataisoma. Badala yake akaigeuza ikanielekea mimi, akaisogeza juu ya meza.

"Hii si kazi ya benki," akasema. "Haina barua, haina ahadi ya mtu. Isome mwenyewe."

Nikaogopa. Akaona. Akachukua rula yake ya mbao, ile yenye kingo zilizolika, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akaiachia.

Nikaishika. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nikasoma kwa midomo, taratibu, kama alivyofanya yeye. Mtumaji, na hapo majina yangu matatu. Mpokeaji, fundi wa mishumaa. Nikashusha rula. Mfuko mmoja. Nikashusha. Nta ya nyuki, haiuzwi. Nikafika chini kabisa penye muhuri, nikarudi juu, nikasoma tena.

"Kuna kosa?" Bwana Nukta akauliza.

Nikafikiri. Nilitaka kujibu sawasawa.

"Nta ina ua juu yake," nikasema. "Hawajaandika ua."

Aliinama akaichunguza ile fomu, kwa makini yote aliyokuwa nayo, kutoka juu mpaka chini, kana kwamba benki mbili zinamsubiri.

"Hakuna mstari wa ua," akasema. "Atakuta mwenyewe."

Kisha akainuka akaenda kuvuta pazia la dirisha la wateja, maana saa ilikuwa imegonga tisa.